Taa Iliyobaki Ng'ambo

Nilikuwa nimekwisha kusoma kurasa 3 za riwaya yangu ya kwanza mbele ya klabu ya wasomaji ya shule moja ya msingi mjini Tanga, nimepigiwa makofi, na mwalimu mlezi wa klabu alikuwa ameshainuka kutoa neno la shukrani, ndipo msichana wa darasa la 6 aliponyosha mkono. Alisimama na kitabu kikiwa wazi, kidole kimeshika mstari, akasema: "Shikamoo, mjomba. Ukurasa wa 81 Mwanakombo aliiacha taa juu ya jiwe, akavuka mto. Ukurasa wa 87 yuko pangoni, anainua taa kutazama maandishi ukutani. Taa ipi?" Niliitika marahaba, nikafungua nakala yangu, nikasoma kurasa zote mbili kimoyomoyo huku watoto wapatao 40 wakinisubiri. Mwalimu alijaribu kuniokoa kwa kusema kwamba labda Mwanakombo alikuwa na taa nyingine mkobani. "Ingeandikwa," msichana akajibu, akaketi.

Kitabu hicho kinaitwa Shimo Lisilo Kaskazini. Kina kurasa 144, kilinichukua miaka 4 kukiandika, na kilipotoka nilikuwa na umri wa miaka 43. Kinamhusu Mwanakombo, msichana wa Pangani ambaye babu yake aliingia katika Mapango ya Amboni kumfuata mbwa wake asirudi, naye msichana akaondoka alfajiri na punda wa jirani, akamfunga kwenye mkwaju mlangoni mwa pango, akaingia kumtafuta. Humo ndani dira hazionyeshi kaskazini. Kila dira huelekea mahali alipozaliwa yule aliyeishika, kwa hiyo watu 2 wanaosafiri pamoja hawawezi kukubaliana njia isipokuwa wawe wamezaliwa nyumba moja. Habari ya mbwa sikuibuni. Waongozaji wa wageni pale Amboni, kilomita chache kaskazini ya mji, wamekuwa wakisimulia kwa miaka mingi juu ya mbwa aliyepotelea katika mapango hayo ya mawe ya chokaa akaja kuonekana upande wa Kilimanjaro, na mle ndani kuna mahali panapoitwa Mzimuni ambapo watu huenda kuomba na kuacha sadaka zao. Niliyoongeza mimi ni dira, mto unaopita chini ya ardhi na, kama ilivyodhihirika, taa ya pili isiyokuwako.

Sheria ya dira ilitoka kazini kwangu. Mimi ni fundi sanifu wa upimaji ardhi. Kwa miaka 19 nimebeba fito, tepu na vyombo vya kupimia pembe katika mashamba ya mkonge na viwanja vya mjini. Kazi hii ina daftari la vipimo, na daftari hilo lina adabu zake. Hakuna kufuta: namba ikikosewa hupigwa mstari mmoja ili bado isomeke, na iliyo sahihi huandikwa juu yake, ili atakayekuja baada yako aone ulikosea wapi. Tena kipimo huanzia kwenye bikoni (alama iliyosimikwa ardhini) inayojulikana na kurudi kwenye bikoni inayojulikana. Ukirudi ukakuta umepishana nayo kwa sentimita kadhaa, hizo ndizo kosa lako, nawe huna pa kulificha, kwa sababu bikoni haikuhama. Mtu aliyelelewa na daftari kama hilo hakutarajiwa kupoteza taa nzima ya chemli. Niliipoteza, na hata siku niliyoipoteza ninaijua, lakini kabla ya kufika hapo ni lazima nieleze hadithi zilizonifanya nithubutu kuandika, kwa sababu ndizo nilizozirudia usiku wa siku ile niliyotoka shuleni, kutafuta jinsi waliotangulia walivyozichunga taa zao.

Ya kwanza haikutoka kitabuni. Bibi yangu mzaa mama, aliyekuwa akisuka ukili barazani Pangani mpaka macho yalipomkataa, alianza kila hadithi kwa "Paukwa!", nasi tukaitika "Pakawa!", kisha akamimina bila kuvuta pumzi: kaondokea chanjagaa, kajenga nyumba kakaa, mwanangu mwana siti, kijino kama chikichi, cha kujengea kikuta, na vilango vya kupita. Kwa miaka mingi niliyachukulia maneno hayo kuwa ya kusafisha koo. Nilipoyasema peke yangu baada ya kutoka shuleni, niliona kwamba hata kabla hadithi haijaanza tayari limetajwa jino, ukubwa wake umelinganishwa na kokwa ambayo kila mtoto wa pale barazani aliwahi kuishika, kazi yake imeelezwa, na ukuta uliojengwa nalo umewekewa milango ili watu wasikwame ndani. Ni upuuzi mtupu, na hauna pengo.

Hadithi yake kubwa ilikuwa ya Nunda, mla watu, ambayo Edward Steere aliiandika kutoka kwa wasimulizi wa Unguja na kuichapisha London mwaka 1870. Kijana mdogo wa sultani anaapa kumwua nunda, lakini hajui nunda ana umbo gani, hivyo kila mnyama anayemwua anamburura hadi kwa mama yake na kumwimbia kwamba huyu ndiye, na mama anamjibu kwamba siye. Anaanza na mbwa, anapanda hadi ndovu. Bibi hakuruka mnyama hata mmoja. Sisi tuliokuwa tukimsihi afike upesi kwa nunda hatukujua kwamba wale wanyama waliotangulia ndio waliokuwa wakimkuza. Nunda alipotokea hakuhitaji maneno mengi, maana tulikuwa tumekwisha kumpima kwa ndovu.

Sekondari nilikuta katika kabati la maktaba nakala ya Alfu Lela Ulela isiyokuwa na jalada. Sindibad baharia, akiwa ameachwa peke yake kisiwani, anaona kuba jeupe lisilo na mlango, analizunguka akihesabu hatua na kupata 50, ndipo jua linapozibwa na bawa na yeye kutambua kwamba lile kuba ni yai. Wengi humkumbuka ndege. Mimi nazikumbuka hatua 50. Mtu aliyepotea, asiye na hakika ya kuiona kesho, anapima mzingo wa kitu asichokijua! Nadhani siku ile ndipo nilipokuwa mpimaji, miaka mingi kabla sijashika tepu. (Marco Polo alisimuliwa kwamba ndege huyo anapatikana upande wa Bukini, yaani Madagaska, kwa hiyo sisi wa pwani hii tuna haki ya kumdai kama jirani.)

Fumo Liyongo nilimsoma katika utenzi alioutunga Muhammad Kijumwa mwaka 1913, na kuna sehemu moja ambayo ninairudia kila mwaka. Liyongo yumo kifungoni, mama yake anampelekea chakula kwa mkono wa kijakazi Saada, na walinzi wanakula kila kilicho kizuri. Liyongo anaagiza atengenezewe mkate wa wishwa na ndani yake itiwe tupa. Walinzi wanaudharau mkate wa makapi, wanamwachia, na usiku ngoma inapopamba moto anakereza pingu zake chini ya kelele. Huyu ni shujaa ambaye silaha hazikumweza, isipokuwa sindano ya shaba ikichomwa kitovuni. Mtunzi angeweza kumvunjisha minyororo kwa mikono mitupu na hakuna msikilizaji ambaye angelalamika. Lakini amempa tupa, tupa ikafichwa katika mkate, mkate ukapewa ubaya wa kutosha usitamaniwe na walinzi, na hata sauti ya chuma kusuguana na chuma ikatafutiwa ngoma ya kuifunika. Katika utenzi huo hakuna kitu kinachofika mahali bila kubebwa. Niliposoma beti hizo tena usiku ule, nikiwa na ukurasa wangu wa 81 pembeni, niliona aibu ambayo sikuiona hata mbele ya wale watoto.

Kwa Shaaban Robert nina upendeleo, na sioni haja ya kuuficha. Alizaliwa Vibambani, karibu na Tanga, mwaka 1909, akawa karani wa forodha, Pangani ikiwa mojawapo ya vituo vyake, na miaka yake ya mwisho kazini aliitumikia ofisi ya upimaji ardhi hapahapa Tanga. Katika ofisi yetu hakuna picha yake ukutani, jambo ambalo nimelisema katika vikao 2 bila mafanikio. Kusadikika, iliyotoka mwaka 1951, ni nchi iliyo angani, na wajumbe wake 6 wanatumwa pande 6: mashariki, magharibi, kaskazini, kusini, juu mbinguni na chini ardhini. Walimu wetu walitufundisha kuisoma kama fumbo juu ya utawala, na ni kweli ni fumbo, maana safari zote hizo zinasimuliwa na Karama akiwa kizimbani akijitetea mbele ya mashtaka ya Waziri Majivuno. Hata hivyo nilipokuwa na miaka 15 mimi niliisoma kama safari, nikastaajabu kwamba nchi isiyo na ardhi ilihitaji pande nyingi zaidi kuliko nchi yenye ardhi. Mwandishi alikuwa amefikiri: mtu anayekaa angani ana chini pia. Adili na Nduguze, iliyofuata mwaka 1952, ina majini, mji wa watu waliogeuka mawe, na ndugu 2 waliogeuzwa manyani ambao Adili analazimika kuwapiga kila usiku. Si maajabu yaliyonishika pale, bali ule wajibu wa kila usiku, usio na likizo, na mkono wa mtu anayempiga ndugu yake huku akimwonea huruma.

Katika kabati lilelile la shule kulikuwa na Mashimo ya Mfalme Sulemani, tafsiri ya Frederick Johnson ya mwaka 1929 kutoka kwa H. Rider Haggard. Leo kitabu hicho sikipendekezi kwa mtoto bila mtu mzima wa kuzungumza naye, kwa sababu jicho lake juu ya Waafrika ni la bwana anayetazama watwana. Lakini mjanja wa safari ni mjanja tu. Ramani yake imechorwa na mtu anayekufa kwa baridi, kwa kipande cha mfupa na damu yake mwenyewe, kwenye kitambaa cha nguo aliyovaa. Yaani hata wino umehesabiwa. Na yule nahodha Good, anayekamatwa akiwa amenyoa upande mmoja wa uso na kuchukuliwa na wenyeji kuwa ni kiumbe wa nyota, tangu hapo analazimika kubaki na upande mmoja wenye ndevu na mmoja usio nazo. Haggard hakuzisahau ndevu za nusu uso katika vita na milima yote ile. Mimi nilisahau taa ndani ya kurasa 6.

Wa mwisho nitakayemtaja kwa kirefu ni Amos Tutuola wa Nigeria, ambaye riwaya yake ya mlevi wa tembo la mnazi, kama ninavyopenda kuiita ingawa tembo lenyewe ni la mchikichi, ilitoka London mwaka 1952. Niliisoma kwa Kiingereza chake cha ajabu nikiwa chuoni. Humo yumo bwana mtanashati anayemvutia binti sokoni, kumbe viungo vyote amekodi. Akiwa njiani kurudi msituni anarudisha kimojakimoja kwa mwenyewe na kulipa kodi yake, mguu hapa, mkono pale, mpaka linabaki fuvu. Mahali pengine msimulizi na mkewe, kabla ya kuingia ndani ya mti, wanauza kifo chao kwa pauni 70, shilingi 18 na peni 6, na kukopesha woga wao kwa riba ya pauni 3 na shilingi 10 kwa mwezi. Ni zile peni 6 zinazonifanya niamini. Mtu mwongo angesema pauni 70.

Viko vingine. Bwana Msa wa Muhammed Said Abdulla, katika Mzimu wa Watu wa Kale ya mwaka 1960, alinifundisha kwamba mzimu unaweza kufumbuliwa kwa kuhesabu vizuri na bado usipoteze utamu. Walenisi ya Katama Mkangi, ya mwaka 1995, niliimeza kwa siku 2. Nagona ya Euphrase Kezilahabi, ya mwaka 1990, ni nyembamba kuliko daftari langu la vipimo, nami nimeianza mara 3 na kushindwa kutoka nayo upande wa pili. Huenda mimi ndiye niliyezaliwa nyumba nyingine.

Sasa niseme habari za kuchapishwa. Mswada niliupeleka kwa wachapishaji 3. Mmoja hakujibu. Wa pili alikaa nao miezi 14, kisha akaurudisha na barua ya mistari 4 iliyosema kwamba hadithi za majini na mapango hazina nafasi katika orodha yake. Sikumlaumu sana, kwa sababu mchapishaji wa kwetu huishi kwa vitabu vya shule, na riwaya ambayo haimo katika muhtasari wa masomo ni mtaji uliolala ghalani. Nilijifariji na Kufikirika ya Shaaban Robert, iliyochapwa mwaka 1967, miaka 5 baada ya kufariki kwake. Miezi 14 ikaonekana si kitu. Wa tatu, mchapishaji mdogo wa Dar es Salaam, alinipigia simu saa 3 usiku na swali moja tu: kama ningekubali kupunguza sura 4. Ningekubali kupunguza hata jina langu.

Mhariri niliyepewa alikuwa mama mtu mzima ambaye hakuonana nami ana kwa ana mpaka kitabu kilipotoka. Alirudisha mswada ukiwa umejaa kalamu nyekundu, na kwenye sura ya 5 aliandika pembeni: "Mwanakombo anakula lini?" Nilihesabu. Msichana wangu alikuwa ametembea siku 3 chini ya ardhi, amepigana na popo wenye sura za watu, amesuluhisha ugomvi wa dira 2, na hajatia kitu mdomoni tangu uji wa alfajiri. Nilimpa mihogo mikavu na chumvi katika kikapu. Ajabu ni kwamba mihogo hiyo ilizaa sura nzima: alipolazimika kumgawia mmoja wa popo wale, hadithi ikageuka, na yule popo akawa mhusika anayependwa na wasomaji kuliko wote. Sikumbuni kwa ufundi. Alitokana na njaa ya mtu iliyodaiwa na mhariri. Pembeni mwa sura ya 8 akaandika: "Kamba hii ina urefu gani?" Kwenye sura ya 9: "Maji haya ni ya baridi au ya vuguvugu? Mwili wake unajua, wewe hujui?" Nilikasirika kwa siku moja hivi, kisha nikaanza kumwogopa na kumpenda kama ninavyomwogopa na kumpenda mkaguzi wa ramani.

Namba ya kitabu, ISBN, ilipopatikana, niliikokotoa. Ina tarakimu 13. Kwa vitabu vya Tanzania huanza na 978 na kufuatiwa na 9987 au 9976, na ile ya mwisho ni ya kukagulia tu, inayopatikana kwa kuzidisha tarakimu 12 za mwanzo kwa 1 na kwa 3 kwa kupokezana, kujumlisha, na kutafuta kinachopungua kufikia kumi kamili. Ilifunga. Nilifurahi kuliko nilivyofurahia jalada. Mhariri nilipomweleza kwa simu alicheka, akaniuliza kama prufu, zile kurasa za kukagua kabla ya kupigwa chapa, nayo nimeikagua kwa ari hiyohiyo.

Prufu nilikuwa nimeikagua, na hapo ndipo kosa lilipoingia. Katika mswada, Mwanakombo alivuka mto akiwa ameinua taa kwa mkono mmoja na kuogelea kwa mwingine. Sentensi ilikuwa butu, lakini taa ilivuka. Ijumaa usiku, kitabu kikisubiriwa kwa mpiga chapa Jumatatu, niliisoma nikaiona haina uzuri wowote, nikaandika nyingine mahali pake: Akaiacha taa juu ya jiwe, ikabaki inawaka peke yake kama nyota iliyosahaulika kuzimwa. Niliituma kwa ujumbe wa simu. Mhariri akauliza kama nina hakika, nikajibu ninayo. Sikufungua ukurasa wa 87. Nilikwenda kulala nikiwa nimeridhika sana na ile nyota.

Nakala zangu ziliwasili kwa basi la mchana katika maboksi 2: nakala 20 za bure kwa mujibu wa mkataba, na 80 nilizonunua kwa bei ya mwandishi. Mke wangu alifungua boksi la kwanza kwa kisu cha jikoni, akatoa kitabu kimoja, akakinusa, akakiweka katika kabati la kioo pamoja na vikombe vya wageni, na hadi leo nakala hiyo haijasomwa na mtu. Toleo lote lilikuwa nakala 500, bei shilingi 8,000, mrabaha wangu asilimia 10. Miezi 6 ya mwanzo ziliuzwa nakala 143, nikatumiwa shilingi 114,400, nusu yake ikaishia katika nauli za kwenda kukizungumzia kitabu mahali ambako nakala hazikufika. Na katika muda huo wote, sentensi iliyosifiwa kuliko zote ilikuwa ile ya taa na nyota. Mtangazaji mmoja wa redio aliisoma mara 2 hewani. Jamaa yangu aliiandika nyuma ya bajaji yake. Kwa hiyo yule msichana aliponiuliza "taa ipi?", alikuwa ameweka kidole juu ya kitu pekee ambacho nilikuwa nimeanza kujivunia.

Toleo la kwanza lilikwisha baada ya miaka 2, kwa msaada mkubwa wa klabu za shule, na mchapishaji akaamua kupiga chapa tena. Nikaomba kusahihisha. Alikubali kwa sharti: karatasi kubwa moja hukunjwa ikatoa kurasa 16, hakuwa tayari kulipia kutengeneza upya zaidi ya karatasi moja, na kurasa za 81 hadi 96 zilikuwa katika karatasi ya 6, kwa hiyo ukurasa wa 81 na wa 87 niliweza kuugusa wowote, ila mstari usizidi, maana mstari ukizidi husukuma mwenzake, naye husukuma wa mbele yake hadi mwisho wa sura. Njia rahisi ilikuwa kumpa Mwanakombo taa nyingine ukurasa wa 87, kama mwalimu alivyopendekeza. Nilijaribu kwa wiki nzima. Kila taa niliyoileta ilihitaji mtu wa kuileta, na kila mtu niliyemleta alihitaji kula.

Hatimaye nikamsomea mke wangu sura yote mezani baada ya chakula, nikamweleza shida: mto unamfika mtoto shingoni, taa ni ya kioo na mafuta ya taa, mikono anaihitaji kwa sababu anapapasa kamba, na ile sentensi ya zamani ya kuinua mkono mmoja haiwezekani tena. Alikuwa akikusanya sahani. Akaniuliza, "Kwani mtoto huyo hana kichwa?"

Nilimtazama. Alisokota pindo la khanga yake, akalizungusha likawa kata, akaliweka utosini, akapachika juu yake sufuria lenye ukoko, na kutembea hadi jikoni bila kulishika. Bibi yangu aliteka maji hivyo maisha yake yote. Nimekulia katika nyumba hiyo, nimeandika kurasa 144 juu ya msichana wa Pangani, na wazo hilo halikunipitia hata mara moja.

Sentensi ya nyota ilikuwa na nafasi 86, pamoja na zile zilizo wazi kati ya maneno. Niliipiga mstari mmoja katika nakala yangu, ili bado isomeke, nikaandika juu yake: Akasokota upande wa khanga, akafanya kata, akajitwika taa, akaingia majini taratibu. Nafasi 84. Neno la mwisho niliongeza ili mstari ujae, lakini nimelizoea. Mtu mwenye taa kichwani haingii majini kwa haraka. Mtangazaji wa redio hajaisoma hewani. Jamaa yangu wa bajaji ananidai maelezo.

Nakala ya kwanza ya toleo la pili niliipeleka shuleni mwenyewe. Msichana alikuwa ameshafika darasa la 7, amerefuka, anajiandaa kwa mtihani. Alisoma ukurasa wa 81 akiwa amesimama ukumbini, akasoma na wa 87, akatikisa kichwa kwa kukubali, akanishukuru kwa adabu. Nilikuwa nimekwisha kuaga na kufika kwenye ngazi aliponiita.

"Mjomba, na yule punda?"

"Punda gani?"

"Wa jirani. Bado amefungwa pale kwenye mkwaju."